Mkaguzi Aliyebaki Barabarani

Mama mwenye binti, sogea nikuambie. Na wewe binti unayesoma huku umejificha nyuma ya jiko, soma, lakini usiruke penye onyo ukakimbilia penye mapenzi. Nawajua nyinyi. Mapenzi hayabishi hodi. Yanaingia kama kuku jikoni, na ukiyafukuza mlango huu yanazunguka mlango wa nyuma. Basi kama binti yako amepewa kazi ya watu, na anayeikagua kazi hiyo ni kijana mwenye sauti nzuri, usilale, mwenzangu. Mimi sikulala.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, Yudith wangu alikuwa mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana pale kwetu Kwemhanga, mlimani, ambako asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya sufuria. Mama akienda kwenye maharage anamwacha mtoto kwa Yudith, akirudi anamkuta ameshiba na amejua wimbo mpya. Kabla ya hapo tulilima na wachanga mgongoni, na aliyekwisha kutembea tulimfunga kamba kiunoni, tukaifunga kwenye mti, asije akaporomoka hadi mtoni. Usicheke. Milima yetu haina mzaha.

Sasa ikatoka amri kwamba kituo kisicho na kibali kifungwe. Na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaitamani ile nyumba iwe ghala la mbolea. Kwa hiyo kibali kikikosekana, watoto wanarudi kwenye kamba, na binti yangu anarudi kukaa nami jikoni akiwa amenuna.

Aliyeletwa kukagua alikuwa Ndugu Silvano, afisa wa ustawi wa jamii kutoka Lushoto, mzaliwa wa Gare. Siku ya kwanza alikataa kutupa kibali. Alisimama mlangoni mwa choo akatikisa kichwa.

"Tundu hili ni la wakubwa," akasema. "Mtoto wa miaka mitatu ataingia mzima mzima."

Yudith akashika kiuno. "Kwa hiyo umepanda mlima wote huu kuja kupima tundu?"

"Nimepanda kuhakikisha halimezi mtu. Na uzio uko wapi? Hapo chini ni mto."

"Watoto wetu wanaujua mlima."

"Na mlima unawajua watoto wenu?"

Yudith akafungua mdomo, akakosa la kusema. Binti yangu kukosa la kusema! Nikamtazama yule kijana vizuri, nikaona naye anamtazama Yudith, na moyo wangu ukaruka kama maharage kwenye kikaango.

Baada ya hapo alirudi kutuonyesha jinsi ya kusimika uzio wa miti ya miwati. Akarudi kuona kama umesimikwa. Akarudi tena kuona kama bado umesimama. Nikamuuliza Yudith, "Uzio gani huo unaojuliwa hali kama mgonjwa?"

"Ni utaratibu wa serikali, mame."

"Serikali inacheka vile?"

Naye akainama kucheka, kisha akaacha ghafla, maana baba yake aliingia. Mume wangu, mzee Nikodemo, ni mzee wa kanisa. Alikuwa ameshasikia.

"Yule wa Gare ni Mroma," akasema, akivua koti. "Nyumba hii ni ya Kilutheri toka babu yangu alipobatizwa. Kibali atoe, chai anywe, aende zake."

"Tate, nani amesema jambo lingine?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema mapema."

Huko mtoni kwenye kufua, wanawake hawakungoja mapema wala nini. "Yudith atafelije?" walisema, wakipiga nguo kwenye mawe. "Mkaguzi mwenyewe anameza mate!" Yudith alisikia kwa masikio yake. Alirudi na ndoo nusu, akakaa kizingitini.

"Mame, nimechimba choo kile kipya na akina baba wa watoto hadi mikono ikatoka malengelenge. Nikipewa kibali leo watasema kimetoka kwenye macho yangu."

"Basi usimtazame."

"Simtazami."

"Unamtazama, mwanangu. Hata akiwa hayupo unamtazama."

Hakubisha. Ndipo nikajua maji yamefika shingoni.

Ikafika siku ya ukaguzi wa mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia zote zinateleza. Nilipofika kituoni nikakuta Mama Danieli, kiongozi wetu wa akina mama, ameshapanga watoto wote kwenye mikeka. Mwenzangu, wamevalishwa nguo za Jumapili! Wasichana magauni ya lesi, wavulana mashati yamefungwa hadi kifungo cha koo. Wamepakwa mafuta hadi nyuso zinang'aa kama matunda ya plamu.

"Mama Danieli, ni sikukuu gani?" nikauliza.

"Mgeni wa serikali asione matako ya watoto wetu yametoka nje," akajibu. "Akina mama tumekubaliana." Akawageukia watoto na kidole juu. "Na atakayechafua nguo yake leo, ataniona mimi."

Yudith alitoka jikoni na sufuria ya uji, akawaona, akasimama. Lakini muda wa kubadilisha haukuwepo. Gari la serikali lilikuwa linanguruma kwenye kona ya chini. Mwenyewe alikuwa amevaa gauni jipya la bluu, lililoshonwa wiki ile ile. Sikuuliza limeshonwa kwa ajili ya nani.

Gari likasimama barabarani. Akashuka mama mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani na mkoba. Silvano naye akashuka. Yule mama akaanza kupanda. Silvano akabaki. Akaegemea gari, akatugeuzia mgongo, akawa anatazama bonde.

"Mame," Yudith akaninong'oneza, "mbona hapandi?"

"Labda ameumia mguu."

"Na mkono wa kunipungia nao umeumia?"

Akajifuta mikono, akaenda kumpokea mgeni. Mama yule aliitwa Bi. Jenoveva, na alikuwa amepanda mlima ule bila kuhema.

"Shikamoo, Bibi. Karibu."

"Marahaba. Nionyeshe choo."

Hapo hapo! Hata maji ya kunywa hakutaka. Aliingia chooni, akapima tundu kwa kiatu chake mwenyewe, akafunika na kufunua kifuniko. Akaenda kwenye uzio akausukuma kwa nyonga. Akafunua mtungi wa maji akauliza yamechemshwa lini. Akakuta vikombe vimetundikwa ukutani, kila kimoja na picha yake, jembe, kuku, ndizi, ili mtoto asiyejua kusoma ajue chake. Akauliza moto unawashwa wapi, akaonyeshwa jiko la nje lenye kizuizi. Kila kitu alisema "Haya" tu. Ile "haya" yake haikuwa na sukari wala chumvi.

Kisha akageuka kwenye mikeka.

"Hamjambo, watoto!"

Watoto wakasimama wote kwa mara moja, mikono imefumbatwa kifuani. Kimya. Halafu kile kitoto cha mwisho cha Mama Danieli kikaanza wimbo wa kanisani, na wote wakadakia, polepole, kama tunazika. Walipomaliza wakasema "Amina," wakakaa.

Mwenzangu, usishangae. Mtoto wa Kilutheri wa mlimani kwetu, ukimvalisha nguo ya Jumapili anajua jambo moja tu: kukaa, kunyamaza, na kutotazama nyuma. Tumewafundisha wenyewe tangu wananyonya. Mpira wa matambara uliwekwa katikati yao, na hakuna aliyeugusa. Jicho la kengeza la Hassani mdogo, ambaye kwao ni Waislamu, peke yake ndilo lilikuwa linauchungulia.

Bi. Jenoveva akavua miwani. "Wanacheza saa ngapi?"

"Saa hii, Bibi," Yudith akajibu kwa sauti ndogo.

"Saa hii?"

"Ndiyo."

"Dada, mimi nimekagua vituo toka Mombo hadi Bulwa kwenye chai. Mtoto asiyegusa mpira ulio mbele yake, kuna mtu amemtia hofu. Unawachapa?"

"Sijamchapa hata mmoja!"

"Nani basi amewatisha?"

Mama Danieli alikuwa anatazama mawingu kana kwamba ameitwa huko. Yudith angeweza kumtaja. Nilimwona anamtazama, kisha akainamisha kichwa. "Mimi ndiye mlezi, Bibi," akasema. "Kilichopo hapa ni changu."

"Haya." Kalamu ikatoka kwenye mkoba. "Mimi naandika ninachokiona."

Nikatupa jicho barabarani. Yule pale, Silvano, ambaye aliwaona watoto hawa hawa wakirukaruka kama vyura, wakimpanda mabegani. Neno lake moja tu! Nikamsogelea binti yangu.

"Nikamwite?"

"Usimwite!" Machozi yalikuwa karibu, lakini sauti ilikuwa jiwe. "Ukimwita, mame, maneno ya mtoni yatakuwa kweli."

"Na kituo kikifungwa?"

Alitazama watoto, akatazama mteremko ule wa nyasi unaoshuka hadi kwenye uzio, umelowa, unang'aa. Akavua viatu. Akaenda nyuma ya jiko akarudi anaburuta gamba la mgomba, lile pana ambalo watoto wetu hukalia wakaserereka nalo mlimani. Akaliweka juu ya mteremko. Akalikalia. Na gauni lake la bluu!

"Nani anakuja nyuma yangu?" akaita.

Watoto wakamtazama Mama Danieli.

"Nguo!" Mama Danieli akapiga kelele. "Yudith, nguo za watu!"

"Nitazifua mimi, Mama Danieli! Zote! Jioni hii hii!"

Akajisukuma. Mwenzangu, alishuka kama umeme. Matope yalimrukia hadi usoni, kilemba kikabaki nyuma kwenye nyasi. Nikafumba macho. Nikasikia *paa!* kwenye uzio. Nilipofumbua, miti ya miwati ilikuwa inatikisika, na binti yangu amekaa chini yake, mweusi kwa tope, mzima, anacheka kwa kwikwi.

Kisha Hassani mdogo akapiga ukelele, na kanisa likavunjika! Viatu huku, lesi kule, wanagombania magamba, wawili wawili, watatu watatu. Mpira ukapigwa teke ukatua kwenye bega la mgeni. Akina mama wakawa wanalia na kucheka pamoja: "Uwii, shati la mwanangu!" "La Krismasi lile!"

Msichana mmoja akamshika Bi. Jenoveva mkono kwa mkono wa tope. "Bibi, njoo nikufundishe."

"Mimi nikishuka hapo, mwanangu, uzio utang'oka," akasema. Ndipo nilipomwona anacheka kwa mara ya kwanza. Akaandika huku anatikisika mabega. "Sasa ninaona kituo. Dada! Panda huku uje uchukue kibali chako. Na mkiwavalisha tena hivi nitawafungia kweli."

Yudith akapanda, akapokea kile kibali kwa ncha za vidole asikichafue. Alipiga magoti kushukuru. Bi. Jenoveva akamwinua.

"Usinishukuru, umekifanyia kazi. Yule bwana kule chini njia nzima aliniambia neno moja tu: nikague kama mtu asiyemjua yeyote. Nikasema moyoni, huyu kuna mtu anayemjua sana."

Kusikia hivyo Yudith akanipa mimi kibali, akaanza kuteremka barabarani na tope lake lote. Nami nikamfuata. Sikumfuata yeye, nilikuwa namtafuta kuku wangu. Kuku huyo alijificha kwenye majani, karibu kabisa na gari.

"Ndugu Silvano," Yudith akasema.

"Ndugu Yudith."

Enzi zile kila mtu aliitwa ndugu. Lakini ndugu hawatazamani vile.

"Nimekungoja toka alfajiri, na wewe umesimama huku kama nguzo ya simu. Hata mkono hukunyanyua."

"Pole."

"Pole ni ya mgonjwa. Mimi nataka sababu."

Silvano akageuza kofia mkononi. "Nilimwomba mkubwa wangu anitoe kwenye kituo chako. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, mzee, nyumba ile siwezi tena kuiona kasoro. Nikitazama uzio namwona Yudith. Nikitazama sufuria namwona Yudith. Mkaguzi wa namna hiyo atapitisha hata pango la fisi."

Nikasikia binti yangu anacheka kidogo, puani.

"Na leo ungepanda, ukasimama tu pembeni?"

"Wangesema kibali kimetoka machoni mwangu. Mimi, Yudith, mwanamke atakayekuja kwangu, nataka aje na jina lake zima."

"Nani amesema anakuja?"

"Hakuna. Nasema ikitokea."

"Ikitokea." Alilionja lile neno kama asali ya kwenye kidole. Kisha akanyoosha mkono wake wa tope, akampaka kidogo kwenye ukosi wa shati jeupe. "Haya, na wewe umekaguliwa."

Nami kwenye majani nikasema, ee Mungu, wakati huu ndipo baba yake hutokea.

Akatokea. Jembe begani, anatoka shambani.

"Mama Yudith! Unafanya nini kwenye majani? Na huyu mtoto ameanguka?"

"Ameserereka, Baba Yudith."

"Mtu mzima?"

"Amepata kibali." Nikakiinua juu akione.

Uso ukafunguka, kisha ukaona nani amesimama hapo, ukafunga.

"Shikamoo, mzee," Silvano akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Mroma wa Gare?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Na kwa nini unabaki barabarani kama mwizi wa mbuzi, wakati wenzako wanakagua?"

"Nilibaki, mzee, ili jina la binti yako lisiguswe na mtu. Kibali chake kimetolewa na asiyemjua."

Mume wangu akateremsha jembe, akawa anakwangua udongo kwa kidole gumba. Akaniuliza bila kunitazama, "Kweli mtoni walikuwa wanasema?"

"Walikuwa wanasema."

"Na kesho watasema nini?"

Nikamtazama Yudith toka kichwa hadi kidole. "Kesho watalisema gauni lake."

Mzee Nikodemo akajizuia, akajizuia, akashindwa. Kicheko kikamtoka hadi akashika mpini. Lakini alipomaliza alifuta macho akawa mzee wa kanisa tena.

"Kijana, umefanya vizuri. Lakini mimi nina wazee wenzangu, watanikalia kikao. Mama Yudith, muulize wewe. Mimi nikiuliza tutagombana."

Na mimi sikuzunguka. "Watoto mtawabatiza wapi?"

"Mame!" Yudith akajifunika uso. "Hata kuposa hajaposa!"

"Nyamaza. Kuuliza si kuposa. Silvano, nimekuuliza."

Kijana akavua kofia kabisa. Tukasikia watoto kule juu wakipiga kelele, na Bi. Jenoveva akiwahesabia, moja, mbili, haya shuka!

"Mama," akasema, "nikikuambia kwa Walutheri utafurahi, na mama yangu Gare atalia. Nikikuambia kwa Waroma, mzee atainua hilo jembe. Naweza kukupa jibu tamu sasa hivi. Lakini jibu la kweli sinalo. Nataka wazee wangu na nyinyi mkae, mlizungumze na sisi tukiwepo."

Nikamtazama. Mama mwenye binti, hapa ndipo onyo langu lilipo, lisome mara mbili. Wanaume wenye jibu tamu nimewaona, na mabinti waliowaacha nimewaona pia, wamerudi kwao na mtoto mgongoni. Usimpe mwanao kwa jibu tamu. Na wewe binti, anayekupenda kweli hatakupunguzia kazi yako, atasimama mbali uimalize mwenyewe, watu wote wakiona.

Yudith alikuwa ameteremsha mikono, ananitazama. Tope lilikuwa limekauka mashavuni isipokuwa mistari miwili ambako machozi yalipita. Na mume wangu naye ananitazama. Hata dereva wa serikali alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Basi waambie wazee wako waje Jumamosi," nikasema. "Jumapili wasije. Jumapili kila mtu na kanisa lake."

Yudith akanirukia shingoni na matope yake yote, kitenge changu kikaharibika, na sikusema neno.